Kuku Aliyekwisha Pikwa kwa Wazazi Wenye Kazi Nyingi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mbeya, Iringa na Njombe

Ukurasa huu ni wa mzazi anayefunga kazi saa kumi na moja jioni, akakutana na foleni ya malori kati ya Uyole na Mafiati, akaingia nyumbani saa moja usiku na watoto hawajala. Nimepika na kuuza kuku hapa Mbeya kwa miaka mingi, na haya ndiyo maswali ninayoulizwa na akina mama na akina baba wanaopita kuchukua chakula. Majibu yanamfaa pia aliye Iringa, Njombe, Makambako au Tukuyu, maana baridi yetu ni ile ile na vyakula vyetu havipishani sana.

Nauweka msimamo wangu mapema. Kuku wa kununua ni chakula kizuri cha nyumbani, na mzazi asione haya kumpeleka mezani. Anachopaswa kukifuatilia ni muda: amepikwa saa ngapi, na tangu atoke jikoni amekaa wa moto, wa baridi au vuguvugu. Vuguvugu ndilo linaloumiza familia.

Nikinunua kuku aliyepikwa, si nitakuwa nimewapunja watoto?

Hapana. Gramu 100 za nyama ya kuku iliyoiva zina protini gramu 25 hadi 30 hivi, awe amepikwa na wewe au na mama lishe wa Soweto, hapa Mbeya. Mtoto anahitaji chakula kisafi kilichoiva, mboga za majani pembeni, na mzazi aliyekaa naye wakati wa kula. Mzazi aliyesimama jikoni mpaka saa tatu usiku huku watoto wamelala na njaa hajawatendea haki zaidi ya yule aliyempitia kuku njiani. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimewaona wazazi wanaonunua huku wakiomba radhi.

Kuna kuku wa aina gani ninayeweza kumpata akiwa tayari?

Wa kukaanga ndiye anayeonekana zaidi, kwenye kila banda la chipsi kuanzia Mwanjelwa hadi Mbalizi: robo, nusu au mzima. Wa kuchoma hupatikana sana jioni na mwisho wa wiki. Rosti na mchuzi utavikuta kwa mama lishe na kwenye migahawa, mara nyingi mchana. Halafu yuko wa kuchemsha, ambaye wengi hawajui kuwa wanaweza kumwomba.

Hapa nieleze jinsi jiko la kuku linavyofanya kazi, kwa sababu ukilijua hili utanunua kwa akili zaidi. Kuku wa kukaanga na hata wengi wa kuchoma huchemshwa kwanza, kwa chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na pengine ndimu. Wakishaiva hutolewa kwenye supu na kuwekwa kwenye sinia au ndoo. Mteja akifika, vipande vinaingia kwenye mafuta au juu ya mkaa kwa dakika chache ili vipate rangi na ukavu wa nje. Kwa hiyo muda ulio muhimu kwa usalama wa mwanao ni ule wa katikati, kuku alipokuwa ameshachemshwa na anasubiri mteja. Jiko zuri linachemsha kidogo kidogo, awamu ya asubuhi na awamu ya alasiri. Jiko baya linachemsha wote alfajiri na kuwaacha wazi mpaka usiku.

Basi uliza hivi: "Hawa wamechemshwa saa ngapi?" Muuzaji anayejiheshimu atakujibu bila kusita. Uliza pia kama wamebaki walio kwenye supu ya moto, maana hao ni salama zaidi kuliko waliolala kwenye sinia.

Wewe ungemshauri mzazi anunue yupi?

Mzima wa kuchemsha, mwenye chumvi kidogo na tangawizi, bila viungo vingine, pamoja na supu yake kwenye chombo cha pembeni.

Wa kukaanga ni mtamu akiwa wa moto, ila kesho yake amekuwa mkavu na mgumu, na hutamgeuza kuwa kitu kingine. Wa kuchemsha anakubali kila kitu. Leo unamkaanga kidogo, kesho unamchambua ndani ya wali, keshokutwa unamtia kwenye mchuzi wa ndizi. Chumvi unaimiliki mwenyewe, mafuta unayajua, na supu ni mlo mwingine mzima. Kama jiko lako la karibu halina wa kuchemsha, waombe wakutolee kabla hajaingia kwenye mafuta. Wengi watafurahi, umewapunguzia kazi.

Chaguo langu la pili ni wa kuchoma, asiye na rojo la pilipili.

Kienyeji, chotara au wa kisasa?

Inategemea una muda gani na unapika nini.

Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki 5 hadi 6 hivi. Nyama yake ni laini, inaiva kwa dakika 30 au 40, na watoto wadogo wanaitafuna bila shida. Kienyeji anafikisha miezi sita na kuendelea kabla hajawa wa maana sufuriani. Ametembea, ana misuli na ladha. Chotara yuko katikati, na huku kwetu hapungui, ikiwemo mbegu ya Sasso, ambayo vifaranga vyake vinatotolewa Ihemi, mkoani Iringa.

Sasa ongeza jambo la milima yetu. Mji wa Mbeya uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa zaidi kidogo ya 1,500, na Njombe inakaribia 2,000. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, kama nyuzi 1 pungufu kwa kila mita 300. Pwani maji yanachemka kwa nyuzi 100. Mbeya yanachemka kwa nyuzi 94 hivi. Joto hilo linatosha kabisa kuua vijidudu, ila jogoo wa kienyeji hakubali haraka. Aliyezoea kumpika Dar es Salaam kwa saa moja na nusu akifika huku anaona saa mbili zimepita na uma bado haupiti. Kwa anayefanya kazi ya kuajiriwa, huu ndio ushahidi kwamba kienyeji ni kuku wa kumnunua akiwa amepikwa tayari siku za kazi. Mwache mwenye jiko kubwa, au mwenye sufuria ya presha, ateketeze mkaa wake.

Utakutana pia na kuku wa mayai aliyemaliza kutaga, akiuzwa kwa bei nafuu na wakati mwingine kwa jina la kienyeji. Si mbaya kwa supu. Nyama yake ni ngumu na ana mafuta mengi ya manjano tumboni, kwayo utamtambua.

Baridi ya Mbeya si inatosha kutunza chakula? Kwa nini nihangaike na friji?

Swali hili linanihuzunisha kila Juni na Julai, kwa sababu ndipo wazazi wanapoamini zaidi kwamba sufuria juu ya meza ni salama.

Usiku wa Julai nje ya nyumba unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Ila chakula chako hakilali nje. Kiko jikoni, chumba kilichopikiwa jioni nzima, madirisha yamefungwa. Na hata pangekuwa na baridi kali, angalia sufuria yenyewe. Umemaliza kula saa mbili usiku, mmebakiza kuku na supu nusu sufuria, umefunika vizuri na kulala. Saa tano usiku ukigusa sufuria kwa nje ni baridi. Chovya kijiko mpaka katikati, chini ya utando wa mafuta yaliyoganda, utakuta supu bado ina uvuguvugu. Mafuta yale na mfuniko vimelifungia joto ndani. Katikati pale ndipo bakteria wanapozaana, na mmoja wao, Clostridium perfringens, ana mbegu zinazostahimili kuchemshwa. Chakula kikipoa polepole zinaamka na kuongezeka. Asubuhi supu haina harufu mbaya, rangi ni ile ile, na mchana mtoto anaumwa tumbo na kuharisha.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida, na kitunzwe chini ya nyuzi 5 au kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60. Hiyo ndiyo kanuni, na haibadiliki kwa kuwa tunavaa makoti.

Cha kufanya ni rahisi. Mkimaliza kula, toa kuku kwenye supu. Mgawanye kwenye vyombo bapa, kina kisizidi vidole vitatu. Sufuria ya supu iweke ndani ya beseni la maji ya baridi na ukoroge mara kadhaa. Maji yetu ya bomba ni baridi ya kutosha, itapoa upesi. Ikishapoa, funika na uingize kwenye friji. Kwenye friji kuku aliyepikwa anakaa siku 3 hadi 4. Kwenye friza anafika miezi 2 au 3 bado mtamu.

Sina friji. Nifanyeje?

Nunua kiasi cha kula usiku huo huo. Nusu kuku au robo mbili, na mfanye zimalizike. Wauzaji wengi wanakata, usione aibu kuomba kidogo. Kikibaki kipande, mpe jirani usiku huo huo.

Umeme ukikatika?

Usiifungue friji bila sababu. Ikikaa imefungwa inatunza ubaridi kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa inafika saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Umeme ukirudi na kuku wa friza bado ana barafu ndani yake, yuko salama. Kuku wa friji aliyepita muda huo, usimwonje ili kujua kama ameharibika. Mtupe.

Namna sahihi ya kupasha ni ipi?

Apate moto mpaka ndani ya mfupa, mvuke utoke, na mara moja tu. Toa kiasi mtakachokula, kingine kibaki kwenye baridi. Kupasha sufuria nzima Jumatatu, Jumanne na Jumatano ndiko kunakowaponza wengi.

Njia bora kwa kuku wa kuchemsha au wa kuchoma ni kumweka kwenye flampeni pamoja na vijiko vitatu vinne vya supu au maji, ufunike, moto wa wastani, dakika 8 hadi 10. Mvuke unampasha bila kumkausha. Ukitaka ngozi iwe kavu, funua mwishoni na utie mafuta kidogo. Mchuzi na supu vichemke mpaka vitoe mapovu, si kupata moto pembeni tu. Mwenye maikrowevu akate vipande vidogo, afunike, asimamishe katikati ya kazi na kuvigeuza, kwa sababu inapasha kwa mabaka.

Na ujue kwamba kupasha hakutibu kila kosa. Kuna bakteria, kama Staphylococcus wanaotoka kwenye mikono na pua za wapishi, ambao wakipata muda wa kuzaana huacha sumu isiyoondoka kwa kuchemsha. Aliyelala nje hafufuliwi na moto.

Kuku mmoja atatosha watu wangapi, na kwa milo mingapi?

Kuku wa kisasa mwenye kilo 1.2 baada ya kuchinjwa na kusafishwa hutoa nyama tupu kama nusu ya uzito huo, gramu 600 hivi. Familia ya watu watano ikimla kwa vipande, ni mlo mmoja. Ikimla kwa kuchambua, ni milo miwili na supu. Siri yote iko kwenye kuchambua.

Jumapili jioni mchukue wa kuchemsha. Mapaja, vipapatio na shingo viliwe usiku huo na ugali na chainizi au figiri. Watoto wanataka mfupa wa kushika, wape. Kidari kichambue kingali na joto kidogo, maana kikipoa sana kinakatika vibaya. Weka friji.

Jumatatu ukirudi kazini, kaanga kitunguu, karoti na hoho, tia mchele wa Kyela au wa Mbarali, mimina ile supu badala ya maji, na kidari kiingie mwishoni maji yakikaribia kukauka. Harufu ya wali ule inawatoa watoto vyumbani bila kuitwa.

Jumanne, mifupa na vipande vya mwisho viende na viazi mviringo na karoti, viwe supu nzito. Viazi vya huku kwetu vinapondeka vizuri na kuifanya supu iwe nene bila unga. Mwenye maparachichi ya Rungwe au Njombe akate pembeni. Baada ya hapo kuku ameisha, na Jumatano ni siku ya maharage.

Nipe mchuzi wa haraka wa kumtilia kuku aliyekwisha iva.

Vitunguu viwili, nyanya nne, karoti moja, kipande cha tangawizi, binzari kijiko kidogo cha chai. Kaanga vitunguu mpaka vibadilike rangi, tia tangawizi na binzari, kisha nyanya, na hapa usiharakishe: nyanya zikaangwe mpaka mafuta yajitenge, kama dakika 10. Mchuzi unaonuka ubichi unatokana na kuruka hatua hii. Tia kikombe cha supu, ukichemka weka kuku, dakika 8 zinatosha. Kuku wa kisasa ukimwacha zaidi anasambaratika. Kwa kienyeji na ndizi za Tukuyu, chemsha ndizi kwenye supu mpaka zikaribie kuiva ndipo kuku aingie.

Onja kabla ya kuongeza chumvi, maana kuku wa kununua amekuja na ya kwake.

Mtoto wangu ana miezi saba. Anaweza kula kuku wa kununua?

Nyama ya kuku anaweza kula, kwa kuwa vyakula vya nyongeza huanza akitimiza miezi sita. Tatizo ni chumvi, pilipili na mafuta ya kukaangia. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hatakiwi kuongezewa chumvi kwenye chakula. Kwa hiyo wa banda la chipsi si wake. Ukiweza, mwombe muuzaji akuchemshie kidari kimoja pembeni kwa maji matupu. Au kichemshe mwenyewe siku ya mapumziko, kisage, kigandishe kwenye vikombe vidogo. Ponda na viazi au ndizi, na kipitishe kwanza kwenye vidole vyako. Vidole vinaona mfupa ambao jicho halikuuona, hasa vile vijiti vyembamba vya kwenye mguu.

Naweza kumfungia mtoto wa shule kwenye hotipoti?

Ndiyo, hotipoti ikiandaliwa. Ijaze maji yanayochemka, funika dakika 10, mwaga, kisha weka chakula kilichotoka kuchemka wakati huo. Kuku ndani ya mchuzi au wali wenye unyevu anatunza joto kuliko kipande kikavu. Chakula kilichopata uvuguvugu tu saa kumi na mbili asubuhi, kikifunguliwa saa saba mchana, kimekaa kwenye joto baya asubuhi nzima. Kama huna hotipoti ya kueleweka, siku hiyo mpe viazi, matunda na karanga, kuku atamkuta nyumbani.

Nimekuta nyama ina rangi ya waridi karibu na mfupa. Ni mbichi?

Si lazima. Kuku wa kisasa anachinjwa akiwa mdogo, mifupa yake haijakomaa, na uboho hupenya na kupaka rangi nyama iliyo jirani hata ikiwa imeiva vizuri. Pima kwa mambo mengine: maji yanayotoka kwenye paja ukilichoma yawe meupe, nyama iachane na mfupa, na nyuzi zake zisiwe na ule mng'ao na utelezi wa ubichi. Mwenye kipimajoto cha chakula akichomeke kwenye sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa. Nyuzi 74 na kuendelea, amani. Ukiwa na shaka, rudisha kwenye moto. Dakika kumi hazijamuua mtu.

Ni kweli kuku wa kisasa wanapewa homoni, ndiyo maana wanakua haraka?

Wanakua haraka kwa sababu ya uchaguzi wa mbegu uliofanywa kwa miongo mingi, na kwa chakula chenye protini ya kutosha. Homoni za ukuaji ni protini. Ukizichanganya kwenye chakula cha kuku zinamezwa na kusagwa tumboni, hazifanyi kazi. Kwa hofu hiyo, lala salama.

Hofu inayostahili nafasi yake ni antibayotiki. Kuku akiumwa anatibiwa, na kila dawa ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti yake kabla hajachinjwa. Mfugaji mwenye haraka ya soko anaweza kuziruka, na kupika hakuondoi mabaki yote ya dawa. Mnunuzi hawezi kuliona hili kwa macho. Anachoweza ni kumuuliza muuzaji anachukua kuku kwa nani, na kumpenda muuzaji mwenye mfugaji mmoja au wawili anaowajua kwa jina kuliko anayeokota popote penye bei ya chini. Wateja wakiuliza mara nyingi, wauzaji nao wataanza kuwauliza wafugaji.

Nitajuaje kwamba sijauziwa kibudu?

Kideri kikiingia mtaani kuku wanakufa kwa makundi, na wapo wanaojaribu kuwageuza fedha. Kuku aliyekufa bila kuchinjwa damu haikutoka, hivyo nyama ina weusi au uzambarau, hasa kwenye maungio ya mbawa, shingo na mapaja, na mishipa inaonekana imejaa. Kwa kuku wa kuchemsha unaviona hivi. Kwa aliyepakwa rangi na viungo vikali huvioni, na hii ni sababu nyingine ninayompendea wa kuchemsha. Bei iliyo chini mno kuliko ya majirani wote nayo ni taarifa.

Tazama pia jiko lenyewe: nyama mbichi na iliyoiva zinatumia kibao kimoja? Anayepokea pesa ndiye anayeshika vipande kwa mkono? Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na maofisa afya wa halmashauri wanakagua migahawa na vibanda. Ukiona jambo la kutisha, wao ndio wa kuambiwa.

Familia yetu ni Waislamu. Nahakikishaje kuku amechinjwa kihalali?

Muulize muuzaji nani amechinja na wapi. Kwenye masoko yetu mengi yuko mchinjaji Mwislamu anayejulikana, na muuzaji makini atakutajia. Kama ananunua kuku waliokwisha chinjwa na hajui walikotoka, hilo ni jibu pia. Uliza kama mafuta yale yale yanakaangia kitimoto. Kwenye baadhi ya majiko huku ni swali la lazima.

Mafuta ya kukaangia nayakaguaje?

Simama karibu na karai. Mafuta meusi, mazito, yenye povu lisilokatika na moshi unaowasha macho yametumika kupita kiasi. Nenda kwingine.

Si ni ghali kuliko kupika mwenyewe?

Kwa kuku wa kisasa, ndiyo, kidogo. Kwa kienyeji tofauti inapungua sana, wakati mwingine inaisha. Piga hesabu yako yote: bei ya kuku mzima, nauli ya sokoni, kumchinja na kumnyonyoa, gesi au mkaa wa saa mbili, mafuta, viungo. Ukimaliza, weka na supu upande wa muuzaji, kwa sharti kwamba umemwomba akupe. Muuzaji anauza supu asubuhi kwa vikombe, kwa hiyo ukinunua kuku mzima ni haki kumwomba lita moja, na kuilipia kidogo akitaka.

Naagizaje ili nisisubiri?

Piga au andika mapema, kabla ya saa sita mchana, useme kila kitu. Ujumbe unaofanya kazi ni kama huu:

"Shikamoo mama. Naomba kuku mmoja wa kienyeji, umchemshe kwa chumvi kidogo na tangawizi tu, pilipili usiweke. Supu naomba pembeni. Nitampitia saa kumi na moja na nusu, tafadhali awe bado jikoni kwenye moto. Nakuja na hotipoti na chupa yangu. Nitumie lipa namba nitangulize nusu."

Kutanguliza nusu kunamfanya aingie sokoni kwa ajili yako. Ukimtuma bodaboda, mpe hotipoti wewe au mlipe muuzaji aifunge vizuri. Kuku ndani ya mfuko wa khaki kutoka Kabwe mpaka Iyunga kwenye mvua anafika amelowa na amepoa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na chakula cha moto hakikupaswa kuwekwa humo hata kabla. Gazeti nalo lisiguse chakula, wino wake unahama na mafuta.

Soseji na nageti za kuku je?

Si mbadala wa kuku. Zina chumvi nyingi, na nyama ndani yake imechanganywa na wanga na mafuta. Mara moja moja zina nafasi yake, kila asubuhi hapana.

Nikichelewa, dada wa kazi au mtoto mkubwa anaweza kupasha?

Anaweza, ukimwachia kazi iliyogawanywa. Asubuhi tenga kwenye chombo kimoja kiasi cha mlo huo tu, kiwe mbele kwenye friji, na umwelekeze kwa ishara anayoweza kuiona: "mapovu yatoke katikati ya sufuria, uhesabu mpaka mia moja, ndipo uzime." Maneno "pasha kidogo" kila mtu anayaelewa kivyake. Mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili nisingemwachia jiko la mafuta ya moto. Mchuzi au supu anaweza, mtu mzima akiwa karibu.

Mifupa iliyobaki nimpe mbwa?

Ya kuku aliyepikwa, usimpe. Ikishaiva inavunjika kwa ncha kali na inaweza kumchoma kooni au tumboni. Ichemshe mara ya pili upate supu ya mwisho, kisha ifukie kwenye shimo la taka.